Nikivaa Arsenal hakuna mtu anauliza kwetu ni wapi, nikivaa jezi ya hapa napewa kabila. Nyinyi mnafanyaje?

mtu_wa_makadara

Wasee habari ya jioni. Kuna kitu imenikalia kwa kichwa wiki nzima nikaona niilete hapa, na wale wa matusi mpite tu salama.

Mimi ni Arsenal tangu praimari, enzi za Henry, hiyo sitakataa hata mkinichapa. Lakini kuna jamaa tunafanya naye kazi Industrial Area alinivuta kuenda kuona Gor Mahia wakicheza, nikaenda kama mchezo, nikarudi tena, sai nikikosa gemu naskia vibaya. Ukiwa pale si kama kwa skrini bana. Ngoma na tarumbeta hazinyamazi dakika zote tisini, mtu nyuma yako anamtusi mshika kibendera kwa lugha tatu bila kupumua, goli ikiingia unajipata umekumbatiana na mzee hata hujui jina. Basi nikanunua jezi ya kijani na shida ikaanzia hapo.

Jumamosi nikaivaa nikaenda kinyozi. Kabla hata nikalie kiti, kijana wa kunyoa, na ananijua kutoka kitambo, akaniuliza "kwani umeoa huko?" Benchi yote ikacheka. Nikitoka, mama mboga wangu akanisalimia Kijaluo, na huyo mama tumekuwa tukiongea Kiswahili miaka yote, nikabaki nimetoa tu meno. Nikaweka picha kwa status, babangu akapiga simu kutoka Tala akitaka kujua siku hizi nimeingia siasa ya nani. Nikamwambia baba hii ni mpira. Akasema "hiyo naelewa, lakini mpira wa nani."

Sasa ile ya Arsenal imeandikwa Saka mgongoni na tangu ninunue hakuna mtu ashawahi niuliza kama kwetu ni Nigeria ama London. Naingia nayo popote. Kwa mat, kanisani, kwa chifu, hata matanga.

Mimi ni Mkamba, sijaoa, na siasa sina. Swali langu ni hivi, nyinyi wenye mnavaa jezi za hapa na timu si ya "kwenu" mnafanyaje? Ama hiyo ya kijani niivalie uwanjani peke yake halafu mtaani niendelee na Saka? Na yule ataniambia nitafute timu ya Wakamba nishushe jibu yake mapema.

jakogalo_87

Karibu omera 😂😂 Timu ya Wakamba ni hiyo hiyo, endelea kuvaa.

BabaShiku_Huruma

Buda hii swali yako iko na mizizi kuliko unavyodhani, wacha nikupee yangu.

Mimi ni Mkikuyu na niko AFC Leopards tangu nikiwa mdogo. Hakuna siri hapo, ploti yetu jirani walikuwa Waluhya na ndio walikuwa na redio, mpira ikitangazwa sisi watoto wote tunakaa mlangoni kwao, na ukiwa mlangoni kwa mtu unashangilia chenye mwenye redio anashangilia. Nikakua nayo. Nikanunua jezi ya buluu na nyeupe, naivaa Huruma nzima, wazee wananiita "mwana wa Mulembe" nacheka tu.

Halafu ikafika ile Januari ya 2008, vurugu za baada ya uchaguzi. Wenye walikuwa Huruma, Mathare, Kibera, Dandora mnajua sihitaji kusimulia. Nakumbuka nimesimama mbele ya sanduku ya nguo najiuliza nikikutana na vijana kwa kona, hii jezi itasema niko upande huu, kitambulisho itasema upande ule, na mdomo yangu nikiifungua itasema nini? Nikaisukuma chini ya godoro. Nikatoka na Arsenal, ya Henry, na Henry mwenyewe alikuwa ashaenda Barcelona. Hiyo ndiyo nguo nilivaa karibu miezi miwili. Haikuwa mapenzi, ilikuwa hiyo ndiyo nguo haikuwa na maneno.

Na unajua kitu ya ajabu? Kwa ile kibanda ya video ya mtaa, pale tunaonea mpira, watu walikuwa bado wanakaa benchi moja. Watu hawasalimiani nje lakini ndani mnakaa bega kwa bega juu Arsenal ilikuwa inaongoza ligi. Eduardo akavunjwa mguu na mtu wa Birmingham Jumamosi, tarehe 23 Februari, ile video ilinyamaza kabisa, halafu watu wakaanza kuongea, wote pamoja, kuhusu mguu wa Mkroeshia. Alhamisi iliyofuata, tarehe 28, Kibaki na Raila wakatia saini makubaliano ya amani pale Harambee House. Kwa hivyo mtu akiniambia mashabiki wa timu za mbali ni watumwa wa mkoloni huwa namwangalia tu. Kuna siku hiyo timu ya mbali ndiyo ilikuwa kitu peke yake tunaweza shangilia pamoja bila kuogopana.

Ya buluu nilirudi nikaivaa, si mara moja. Lakini naelewa mtu mwenye hakurudi.

mtu_wa_makadara

@BabaShiku_Huruma mzee wangu asante kwa hiyo. Sikuwa nimeifikiria hivyo, 2008 nilikuwa shule ya bweni Machakos, sisi tuliskia tu kwa redio.

Mzee wa Jericho

Vijana, nawasalimu. Nimesoma na nikaona nitie neno kwa sababu huyo kinyozi anacheka jambo asilolijua.

Hizi timu ziliitwa za kabila kwa sababu zilikuwa za kabila, tusidanganyane. Mtu alikuwa akitoka Magharibi au Nyanza kuja Nairobi kutafuta kazi, hana ndugu, hana shamba, anapata chumba Kaloleni au Ziwani, na chama cha watu wa kwao ndicho kinamzika akifa. Chama hicho hicho kikawa na timu. Mwaka 1964 vilabu vidogo vya Waluhya, Marama, Samia, Kisa na wengineo, vikaungana vikawa Abaluhya United. Gor Mahia ikaja 1968 ikabeba ligi mwaka huo huo. Baadaye serikali ikasema majina ya kabila yatoke, ndipo kufika 1980 Abaluhya wakawa AFC Leopards, Luo Union wakawa Reunion. Gor wao walibaki na jina, kwani ni jina la mganga wa zamani na si la kabila, ingawa sote tulijua ni mganga wa wapi.

Lakini sasa angalia waliocheza. Kipa wa Leopards mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa Mahmoud Abbas, mtu wa Pwani, sisi tukimwita Kenya One. Hakuna Mluhya aliyemuuliza kama ameoa Kakamega. Alikuwa akidaka, basi. Na nyinyi juzi tu Gor walikuwa na Kagere na Tuyisenge mbele, Wanyarwanda wote wawili, mashabiki wakaimba majina yao hadi sauti zikaisha.

Mwaka 1987 Gor walipocheza fainali ya Kombe la Washindi, tuliliita Kombe la Mandela, na Espérance ya Tunis, kule ugenini ilikuwa 2-2, hapa Nairobi ikawa 1-1, kombe likabaki kwa goli la ugenini. Peter Dawo alikuwa hashikiki mwaka ule. Mimi ni wa Leopards tangu hao akina Kadenge lakini siku ile nilipiga kelele na Wajaluo mtaa mzima mpaka usiku. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyochukua kombe la Afrika.

Hao wa Uingereza walituingia baadaye. Sisi mpira wa nje tulikuwa tunaona kwa runinga ya serikali, ule wa Ujerumani, na Toby Charles akitangaza. Ukiniuliza timu za Ujerumani za miaka hiyo nitakutajia zote. Lakini hakuna aliyekuwa na jezi ya Hamburg Jericho nzima! Jezi zimekuja na dishi, na mitumba, na hao Wachina wa kushona.

dukalajezi_mjini

Shikamoo mzee wa Jericho 🙏🏾 Hapo kwa jezi wacha niseme juu ndiyo kazi yangu, niko na kaduka katikati ya mji huu mwaka wa kutosha.

Watu wanaongea mapenzi na mapenzi, kumbe ni mzigo. Arsenal wakitoa jezi mpya leo, kabla wachezaji wenyewe waizoee mimi niko nayo, zile kopi za Thai, saizi zote hadi ya mtoto wa mwaka mmoja, na kaptura yake. Elfu na kitu, ukilia sana nakupunguzia. Timu ya hapa ligi inaanza jezi mpya haijaonekana, inakuja raundi zimeenda, inakuja saizi ya kati na kubwa tu, halafu katikati ya msimu mdhamini anahama. Mdhamini akihama jina yake inabaki kifuani kwa zile nimenunua. Nani atanunua hiyo? Nilibaki na gunia chini ya meza, mwishowe nikapea vijana wa mkokoteni wafanyie kazi. Tangu hiyo siku za hapa naleta wiki ya dabi ya Gor na Leopards peke yake.

Na hao wateja wa wiki ya dabi ndio wanakuja na maneno mingi, "siz hii si orijino." Sasa ya Arsenal ulinunua kwangu ni orijino? 😂 Hawa Arsenal hawajawahi ona shilingi yako hata moja na hulalamiki, lakini ya hapa ikiwa feki unataka risiti.

@mtu_wa_makadara wewe geuza hiyo yako ya kijani ndani nje uangalie nyuma ya nembo. Ukiona uzi umepita pande zote, imeshonwa. Ukiona ni laini kama gundi imekauka, hiyo imepigwa pasi, na ukifua na maji moto ukaanika kwa jua kali nembo inaanza kujikunja kutoka pembeni, halafu namba ya mgongoni inapasuka hapa kwa bega kwenye watu huvaa begi. Fua ndani nje, maji baridi, usiguse na pasi. Hiyo ni bure, sikulipishi.

jakogalo_87

Siz wewe ndio umesema ukweli peke yake hapa. Halafu watu wanauliza mbona mtaa wote ni nyekundu.

mwana_wa_msimbazi

Wakuu habari zenu, mimi ni Mtanzania naishi South B kikazi. Kiukweli Nairobi mnatushangaza sana kwenye hili.

Kwetu Dar ukivaa jezi ya Simba au Yanga hakuna anayefikiria wewe ni kabila gani, na wala hilo swali halipo. Ataangalia rangi, kama ni nyekundu na yeye ni wa njano ataanza kukuchamba hapohapo, hata kama ndiye dereva wa daladala uliyopanda. Nyumba moja baba Yanga, mama Simba, watoto wamegawana. Siku jezi mpya inazinduliwa ni habari nchi nzima, watu wanapanga foleni. Simba Day na Wiki ya Mwananchi uwanja unajaa na ligi yenyewe bado haijaanza. Arsenal na Man U zipo, watu wanaangalia, lakini ni timu ya pili. Ya kwanza ni ya Kariakoo.

Na msidhani sisi tulizaliwa tukijipenda. Hao Simba wangu, wameanzishwa 1936, walikuwa wanaitwa Sunderland mpaka 1971! Klabu ya Msimbazi inaitwa Sunderland. Leo Simba imecheza fainali ya Shirikisho Afrika 2025, Yanga walicheza ya 2023, na Sunderland wenyewe hakuna anayewawaza.

Halafu huyo Kagere mzee aliyemtaja tulimchukua kwenu mwaka 2018, msimu wake wa kwanza akafunga mabao 23 akawa mfungaji bora. Asanteni sana 🦁

BabaShiku_Huruma

@mwana_wa_msimbazi ndugu yangu umeongea vizuri na Kiswahili yako tamu lakini hapo unarukia kitu. Nyinyi hiyo ya kabila Nyerere aliifanyia kazi miaka mingi kabla jezi. Sisi jina la mtu tu linatosha. Ukiambia mtu unaitwa nani Nairobi ashakuweka kwa ramani, jezi inakuja tu kumalizia.

Sharks_wa_Kario

Mnazunguka sana na jibu iko hapa nyumbani. Vaa ya mtaa.

Mimi ni Kariobangi Sharks. Timu ya mtaa, hakuna kabila. 2019 Everton walikuja hapa Kasarani na wachezaji wao wakubwa, ikaisha 1-1, tukawapiga kwa penalti 4-3. Everton! Mtoto wa Kario leo ukimwambia hiyo hawezi amini. Mathare United wamechukua ligi 2008, hao wametoka kwa ile shughuli ya vijana ya MYSA yenye ilianza 1987 na watoto kusafisha mtaa, ukizoa taka timu yenu inapata pointi. Dennis Oliech alipitia Mathare United kabla aende Qatar na Ufaransa. Nairobi United 2025 walikuwa bado ligi ya chini na wakachapa Gor 2-1 fainali ya kombe la FKF. Hizo zote ni timu za Nairobi, unavaa na mtu anakuuliza tu "hii ni timu gani," unamwelezea, maisha inaendelea.

jakogalo_87

Hahaha "hii ni timu gani." Umejijibu mwenyewe buda.

Hebu niambie hizo timu zisizo na kabila ziko na watu wangapi uwanjani. Tusker wamechukua ligi mara ngapi, nani anajaza Ruaraka? Police wamechukua ligi msimu wa 2024/25, ligi ya kwanza kwao, nani alitoka nje kushangilia? Hiyo 2008 ya Mathare mimi nakumbuka, timu nzuri sana, na unaskia mwangwi wa kocha akiita mchezaji. Mnataka timu bila kabila, sawa, lakini kabila ndiyo ilileta mama yangu uwanjani, na mjomba, na hao wa ngoma mtu_wa_makadara anasifu hapo juu. Hao watu hawakuletwa na tangazo. Gor ikikaa miaka bila ligi, kutoka 1995 hadi 2013, walikuwa wanakuja tu. Timu ya kampuni ikikosa pesa mwaka mmoja inafungwa na hakuna mtu analia.

Mimi sioni shida Mkamba akivaa kijani. Shida naona ni nyinyi mnataka Mjaluo atoke ndiyo iwe ya wote.

Sharks_wa_Kario

Hakuna mtu amesema mtoke. Nimesema kijana amechoka kuulizwa.

jakogalo_87

Na mimi nimeulizwa maisha yangu yote hata nikiwa na shati nyeupe.

dabi_nyumbani

Hapo jakogalo umeongea wueh.

Mimi ni Mjaluo nimeolewa kwa Waluhya na niko Leopards, nilianza kabla ya kuolewa, na hakuna upande unaniamini. Dabi ya Mashemeji kwetu si jina tu. Siku hiyo mume anavaa buluu, mimi buluu, ndugu zangu wanakuja kwa nyumba yangu na kijani kula chapati zangu, halafu wananiita msaliti mbele ya wakwe. Nimezoea. @mtu_wa_makadara kitu inasaidia ni kuvaa kila mara. Ukivaa siku moja moja watu wanaona umetumwa. Ukivaa Jumatatu, ukavaa ukienda kununua mkate, ukavaa mkifungwa, wanachoka kuuliza. Hasa mkifungwa, hiyo siku ndio uvae, kinyozi ataona kumbe huyu si mchezo.

Ruaka_ndani

Mimi sitasema mengi, swali moja tu. Agosti 2025 kwa CHAN mlikuwa wapi? Nairobi nzima ilivaa Harambee Stars. Tikiti zikawa shida hadi watu wanaruka ua, CAF wakapunguza idadi ya watu. Tukachapa Kongo 1-0, Angola sare, Moroko 1-0 na sisi tukiwa kumi uwanjani, na hao Moroko ndio walibeba kombe! Zambia 1-0. Madagaska wakatutoa kwa penalti watu wakalia hadi Thika Road.

Sasa CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani PEKE YAKE. Yaani Austin Odhiambo mwenye alifunga Kongo ni mchezaji wa Gor. Ryan Ogam wa hiyo goli ya Moroko alikuwa Tusker. Wikendi za kawaida walikuwa wanacheza Dandora, unalipa mia mbili unakaa mahali unataka. Septemba ikaanza, zile jezi za Stars zikaenda wapi? Kila mtu akarudi kwa Arteta na Amorim. Nilipita kwa ile video ya stejini kwetu, ubao wa nje umeandikwa na chaki gemu zote za siku, Uingereza, Uhispania, Italia, hadi moja ya Uturuki, na kuna gemu ya ligi yetu inachezwa siku hiyo hiyo na iko Azam. Haijaandikwa. Nikamuuliza kijana wa mlango akasema "hiyo hakuna mtu ataweka mkeka ya kubeti."

gunner_wa_kweli

Ndio hakuna mtu ataweka mkeka juu hakuna mtu anajua kama itachezwa! Mnatulaumu sisi wa Arsenal kila siku lakini mimi Ijumaa najua Arsenal inacheza saa ngapi, na refa nani. Ya hapa nimewahi toka Kitengela hadi getini naambiwa imehamishwa, na si siku hiyo, ilihamishwa jana yake. SuperSport wakitoka 2017 ndio mambo iliharibika kabisa, kabla hapo Jumamosi ulikuwa unaona ligi yetu kwa picha safi na ratiba inasimama. Halafu viwanja vikafungwa vitengenezwe, timu ya Nairobi inacheza Machakos. Nipende nini sasa, tangazo?

Na pia kuna watu getini siku ya dabi hawakuja mpira, simu yangu ilienda hivyo. Jezi naweza vaa. Simu sirudishi.

mtu_wa_makadara

Wasee nimesoma zote, sikutarajia ifike huku.

@dabi_nyumbani hiyo ya kuvaa mkifungwa nimeichukua, nitaijaribu. @jakogalo_87 nimekuskia pia, mimi sikuwa na maana ati watu watoke, naenda pale kwa sababu ya hao watu wenyewe. Chenye kinanisumbua ni babangu kuliko kinyozi. Kinyozi atazoea. Mzee wangu ameishi Nairobi akaona mambo, nadhani kama hizo za BabaShiku, na yeye akiona kijani haoni mpira anaona kijana wake amesimama mahali atarushiwa mawe siku mambo ikichacha. Na uchaguzi wa 2027 ndio huo unakuja. Siwezi mwambia ni ujinga.

@dukalajezi_mjini nimegeuza. Ni gundi 😭

dukalajezi_mjini

Pole. Usiipige pasi lakini.

BabaShiku_Huruma

Mlete mzee uwanjani. Siku ya gemu ndogo, si dabi. Mkalishe pale upande wa jua halipigi, mnunulie njugu, usimwambie avae kitu. Babangu alikataa miaka, kuja kwake mara ya kwanza alikaa kimya hadi dakika ya themanini, halafu akamtusi refa kwa Kikuyu, na mzee Mluhya mbele yake akageuka akamwambia "ongeza." Wakaenda kunywa chai pamoja.

Haikumaliza mambo. 2017 wakati wa uchaguzi aliniambia tena jezi niweke kwa sanduku na nikaweka. Ikapita nikatoa.

mtu_wa_makadara

Hii Jumapili nilikuwa nataka kumwita aje kutoka Tala. Gemu si iko saa tisa?

Ruaka_ndani

Angalia tena, wameisukuma hadi Jumatano 😂😂 saa tisa mchana, siku ya kazi.

gunner_wa_kweli

NIMESEMA NINI

jakogalo_87

Sasa na hiyo kazi ya Industrial Area utatokaje makadara?

mtu_wa_makadara

Bosi ni mtu wa Ingwe, yaani Leopards, nikimwambia tunacheza Jumatano atafunga stoo mapema tuende na yeye. Atakuja tu kuomba tufungwe.